Punda wa Daktari katika Nchi ya Mbung'o

Katika nchi za mbali yako mashindano ya farasi yasiyofanana kabisa na mbio fupi za uwanjani. Farasi na mpandaji wake huondoka kabla ya mapambazuko, wakaenda mwendo wa kutwa nzima, wakipanda vilima, wakishuka mabondeni, na kuvuka mito. Huko California katika Marekani, tangu mwaka 1955, hufanyika mashindano ya namna hiyo ya maili 100, yaani kama kilometa 160, na mpandaji hupewa saa 24 tu za kuyamaliza. Pengine mvua hunyesha siku ya mashindano, njia ikageuka tope tupu, na kwato za farasi zikazama na kuteleza kila hatua.

Lakini lililo kubwa katika mashindano hayo si mbio. Njiani wamewekwa waganga wa wanyama. Kila farasi afikapo kituoni husimamishwa, nao husikiliza jinsi moyo wake unavyopiga, wakatazama miguu na mgongo wake. Akiwa amechoka kupita kiasi, au akichechemea, basi safari yake imekwisha, hata kama mpandaji wake angali na nguvu tele. Kwa hiyo mpandaji mwenye akili, akifika penye mlima mkali au tope zito, hushuka akatembea kwa miguu yake, huku akimwongoza farasi kwa mkono. Ajua ya kuwa hawezi kufika peke yake.

Mtoto wa Mpanda asomapo habari hizi huenda akauliza, "Mbona kwetu hapana farasi? Nchi yetu ni pana, mbuga zetu zina majani mengi, na twiga na pundamilia hunenepa humo. Kwa nini watu wa zamani hawakupanda farasi, bali walitembea kwa miguu na kubeba mizigo vichwani?" Swali hilo ni zuri, na jawabu lake ni mdudu mmoja mdogo.

Mdudu huyo ni mbung'o, ambaye watu wengi wa bara humwita ndorobo. Ukubwa wake hauzidi sana ule wa inzi wa nyumbani, na akitua hukunja mabawa yake moja juu ya jingine kama makasi yaliyofungwa. Hukaa katika kivuli cha miyombo na kando ya mito, akanywa damu ya nyati, nguruwe mwitu na wanyama wengine wa porini. Katika damu ya wanyama hao mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wanyama wa porini wamevizoea, wala haviwadhuru sana. Lakini mbung'o akivichukua na kumwuma farasi au ng'ombe, mnyama huyo hushikwa na homa, macho yakatoka machozi, damu ikapungua, naye akakonda siku kwa siku mpaka kufa. Punda huvumilia kuliko farasi, lakini naye huweza kuuawa na ugonjwa huo. Watu wa kale walidhani ya kuwa mbung'o ana sumu mdomoni mwake, kama nyoka. Ilikuwa yapata mwaka 1895 ndipo daktari mmoja Mwingereza, jina lake David Bruce, alipovitambua vile vijidudu katika nchi ya Wazulu, akaonyesha ya kuwa mbung'o ndiye mchukuzi wake. Tena wakati wa mvua uko ugonjwa mwingine wa farasi, uletwao na visubi, ambao huua upesi zaidi. Basi farasi akiletwa katika nchi kama ya Katavi, adui zake ni wengi: juu ni mvua, chini ni tope, na pande zote ni wadudu.

Jambo hilo halikujulikana vema kwa Henry Stanley, alipofika Unguja mwezi wa Januari 1871. Yeye alikuwa mwandishi wa gazeti la Marekani, mtu wa miaka 30 hivi, naye alitumwa kumtafuta Daktari David Livingstone, ambaye habari zake zilikuwa hazisikiki tena Ulaya. Stanley alitengeneza safari kubwa: wapagazi wengi, askari, vitambaa, shanga, mashua zilizofunguliwa vipande vipande, punda 27, na farasi wawili. Farasi mmoja alipewa na Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, naye alikuwa wa ukoo bora wa Kiarabu. Wa pili alipewa na mfanya biashara mmoja Mmarekani aliyekaa Unguja. Mtu aliyemwona Stanley akitoka Bagamoyo mwezi wa Machi, ameketi juu ya tandiko lake, angedhani ya kuwa atafika Ujiji bila kuchafua viatu vyake.

Haikuwa hivyo. Mwezi haujatimia tangu kutoka Bagamoyo, na farasi wote wawili walikuwa wamekufa kwa maradhi, wa pili akimfuata wa kwanza upesi. Kisha masika yakashika nguvu. Walipofika mbuga ya Makata, katika nchi ya Kilosa, waliikuta imejaa maji na tope jeusi. Watu walitembea maji yakiwafika magotini na kupita, na punda walitopea wakashindwa kujiondoa. Ikawa kila mmoja hufunguliwa mzigo, akavutwa, akabebeshwa tena, na mbele kidogo akatopea tena. Wengi katika punda wale hawakufika Tabora. Hivyo Stanley alifundishwa na nchi yenyewe, kwa hasara kubwa, ya kuwa mnyama mwenye sifa nyingi siye amfikishaye mtu mwisho wa safari.

Habari za jinsi alivyomwona Daktari huko Ujiji, mwezi wa Novemba 1871, zimesimuliwa mara nyingi, wala hapana haja ya kuzirudia. Zisizosimuliwa sana ni habari za safari yao ya kurudi, ambayo ilipita katika nchi ya Katavi wakati wa mvua. Katika safari hiyo hapakuwa na farasi hata mmoja. Mlikuwa na punda.

Stanley alitaka kumrudisha Daktari mpaka Tabora, ambako vilikuwako vitu alivyoletewa kutoka pwani. Lakini njia ya kawaida ilikuwa na hatari, kwa kuwa vita vya Mirambo, mtemi wa Urambo, vilikuwa vingali vikiendelea. Basi wakashauriana, wakaamua kwenda kwa mashua kusini kwa pwani ya ziwa Tanganyika, kisha wapite bara kwa njia ya Ukawendi na Ukonongo. Daktari alikuwa na umri wa miaka 58, naye alikuwa ametoka katika maradhi makali huko Manyema. Stanley alikuwa na hofu ya kuwa tumbo la kuhara damu litamrudia katikati ya pori. Kwa sababu hiyo alimnunulia punda huko Ujiji, apate kumpanda miguu itakapochoka. Hakumnunua kwa fahari, kama wale farasi wa Unguja. Alimnunua kwa kumhurumia mzee.

Waliondoka Ujiji siku ya 27 Desemba 1871. Baadhi ya watu walikwenda kwa mashua, na wengine walipita pwani kwa miguu pamoja na wanyama. Wakakutana Urimba, na siku ya 7 Januari 1872 wakauacha ufuko wa ziwa, wakaingia bara.

Mtu aliyezaliwa Katavi hana haja ya kuambiwa mwezi wa Januari ulivyo. Mvua hunyesha leo, na kesho hunyesha tena. Majani huwa marefu kumpita mtu, na kila jani limebeba maji, hata atembeaye humo hulowa chepechepe ingawa mbingu ni nyeupe. Vijito vilivyokuwa vikavu mwezi wa Oktoba hujaa na kunguruma. Udongo mweusi wa mbugani hunata miguuni, ukakaza kama mkono wa mtu asiyetaka mgeni wake aende zake. Juu ya vilima mna mawe makali, na mabondeni mna matope. Mguu uliojeruhiwa na jiwe asubuhi hulowekwa katika tope adhuhuri.

Viatu vya Daktari vilikuwa vimechakaa. Miguu yake ilivimba ikatoka malengelenge, naye akavikata viatu vile kwa kisu huku na huku ili visimbane, lakini hata hivyo miguu ilitoka damu. Tena alikuwa mtu asiyependa kupanda mnyama wala kubebwa. Tangu ujana wake alikuwa ameikata Afrika toka bahari hata bahari, na kwake mtu anayesafiri ni mtu anayetembea. Hivyo punda alitumika alipohitajiwa sana, na siku nyingine alikwenda bure nyuma ya mwenyewe.

Chakula nacho kikapungua. Nchi ile ilikuwa na watu wachache, na vijiji vilikuwa mbali. Wapagazi wakala uyoga na matunda ya porini. Ilikuwako pia mashaka ya njia: kiongozi alidhani huku ndiko, na Stanley, akiitazama dira yake, alisema huku siko. Wakaifuata dira, wakipita vilima na mabonde yasiyo na njia, na watu wakanung'unika kwa njaa. Hata siku ya 18 Januari wakatokea katika kijiji cha Mrera, mahali walipopataka. Hapo walipata kupumzika. Stanley aliwinda, akapiga pundamilia na twiga, na nyama ikawa nyingi hata kila mtu akashiba, na nyingine ikakaushwa kwa moto iwe akiba ya njiani.

Lakini baada ya shibe ikaja homa. Stanley, kijana mwenye nguvu, ndiye aliyeshindwa kutembea. Na Daktari, mzee mwenye vidonda miguuni, ndiye aliyemwuguza. Akampa dawa, akamtazama usiku na mchana, na safari ilipoondoka tena, Stanley alichukuliwa juu ya kitanda mabegani mwa watu. Hapo msomaji aweza kuona jambo la kuangaliwa. Yule aliyekuja kuokoa sasa aliokolewa na yule aliyemjia. Na wote wawili walichukuliwa mbele na wapagazi ambao nao miguu yao ilikuwa tupu, nao walikuwa na njaa na baridi ya mvua kama mabwana wale, tena na mizigo vichwani.

Siku ya 27 Januari walikuwa wamepita Mpokwa, wakaelekea mashariki. Mwendo wa siku hiyo ulikuwa mrefu, maili 18, ambazo ni kama kilometa 29. Daktari alikuwa juu ya punda wake. Walikuwa katikati ya safari, kila mtu akifikiri mzigo wake na kambi iliyo mbele, mara kundi la nyuki likatoka, likawashambulia. Wa mbele wakatimua mbio, mizigo ikarukaruka vichwani, na Stanley naye akakimbia, amechomwa usoni.

Hapo punda walikuwa wawili, na kila mmoja alifanya lake. Wa kwanza alirusha mateke akakimbia kwa nguvu zake zote, hata nyuki wakamwacha. Lakini punda wa Daktari hakukimbia. Alijitupa chini, akagaagaa, akajiviringisha huku na huku, na nyuki wakazidi kumfunika kichwani, machoni na midomoni. Daktari alianguka pamoja naye. Mwenyewe ameandika katika kitabu cha safari yake ya kuwa naye aligaagaa kama punda, kisha akaona haifai, akainuka akakimbilia vichakani, akakata tawi na kulipunga kichwani mpaka akaponyoka. Nyuki walikuwa wamemwingia katika nywele, na uso wote umevimba.

Basi fikirini hali yake. Ni mzee, miguu ina vidonda, kichwa kimejaa miiba ya nyuki, punda wake hawezi tena kumchukua, na kambi ingali mbali. Stanley, aliyekuwa ametangulia, alimhurumia akakusudia kuwatuma watu wanne wamchukue kwa kitanda. Lakini Daktari alikataa kuchukuliwa. Akatembea maili zote zilizobaki, akaingia kambini kwa miguu yake. Alipokwisha kunywa chai ya moto na kula kidogo, akaanza kuzungumza na kucheka kama mtu ambaye hakwenda popote siku ile.

Watu wengine husoma habari hiyo wakasifu ushupavu wake tu. Ni kweli alikuwa mshupavu. Lakini wale watu wanne ambao wangalitumwa, wao pia walikuwa watu wa kuchoka. Nao wangalikuwa wametembea maili zile zile katika tope lile lile, kisha ingewalazimu kurudi nyuma na kumbeba mtu mzima. Mzee aliyejitwika uchovu wake mwenyewe aliwaondolea wao mzigo mmoja. Akiwa amekusudia hivyo au hakukusudia, wao walilala mapema usiku ule kwa sababu yake.

Na yule punda? Alikufa baada ya siku mbili kwa uchungu wa nyuki. Mvua haikumwua, wala tope, wala mbung'o. Alikuwa amevumilia mambo makubwa, akauawa na adui mdogo asiyetazamiwa. Wazee husema, "Usidharau kidogo." Tangu hapo Daktari hakuwa na punda wake. Alitembea kwa miguu, na safari ikaingia Tabora siku ya 18 Februari 1872, kama siku 54 tangu kutoka Ujiji.

Stanley akarudi pwani. Daktari akabaki Tabora akingoja watu wapya, na siku ya 25 Agosti akaondoka, akashika njia ya kusini kupita upande wa Ufipa. Katika safari hiyo ya mwisho alikuwa na punda mwingine. Mwanzo wa mwaka 1873 mvua ilikuwa kubwa mno. Nchi ya ziwa Bangweulu, ambayo siku hizi imo katika Zambia, iligeuka maji matupu. Watu hawakujua wapi ziwa linakoma na wapi nchi inaanza. Daktari alikuwa akitokwa na damu nyingi kwa ugonjwa wake wa tumbo, naye hakuweza tena kutembea kama zamani. Siku ya 21 Aprili alijaribu kumpanda punda, lakini hata kukaa juu yake hakuweza. Ikawa sharti ashushwe. Watu wake, ambao wakuu wao walikuwa Susi na Chuma, wakamfanyia kitanda cha miti na majani, wakambeba. Sasa hakukataa. Yapata siku ya 1 Mei, katika kijiji cha Chitambo, wakamkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Hapo ndipo mwendo ulio mrefu kupita yote ulipoanza. Susi, Chuma na wenzao walikuwa mbali na pwani zaidi ya kilometa 1,500. Hapakuwa na bwana wa kuwaamuru wala wa kuwalipa. Wangeweza kumzika papo hapo wakaenda zao, wala hapana ambaye angewalaumu. Badala yake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakaubeba mabegani. Punda alikwenda pamoja nao. Aliyapita mafuriko ya Bangweulu, akaupita mto Luapula, kisha usiku mmoja simba akamwua. Watu wakaendelea. Walipita mashariki ya ziwa Tanganyika, katika nchi za kusini mwa Mpanda, wakafika Tabora mwezi wa Oktoba, na mwezi wa Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. Mwili ule ukachukuliwa kwa meli hata Uingereza, ukazikwa London siku ya 18 Aprili 1874.

Wanadamu hawakuacha kutafuta mnyama wa kuwachukua katika nchi ya mbung'o. Mwaka 1879 mfalme wa Ubelgiji alileta tembo wanne kutoka Bara Hindi, waliokwisha fundishwa kazi, wakashuka pwani karibu na Dar es Salaam. Walikusudiwa kufika Karema, ufukoni mwa ziwa, ambako Wabelgiji walikuwa wakijenga kituo chao. Tembo hawakuonekana kudhurika kwa kuumwa na mbung'o, na watu wakatumaini sana. Lakini walibebeshwa mizigo mizito, na chakula hakikuwa kile walichokizoea. Wakafa mmoja mmoja, na ni mmoja tu aliyefika Karema, mwezi wa Desemba 1879, wala hakuishi muda mrefu. Bwana Carter aliyewaongoza akauawa mwaka uliofuata huko Mpimbwe, katika vita vya siku zile.

Hata farasi wenyewe walijaribiwa tena, na mara hiyo kwa maelfu. Katika Vita Kuu ya kwanza majeshi ya Waingereza yalikuwa na askari wapanda farasi kutoka Afrika ya Kusini. Mwanzo wa Aprili 1916 askari kama 1,200 wa namna hiyo, chini ya Jemadari Van Deventer, walitoka Arusha kwenda Kondoa Irangi, mwendo wa zaidi ya kilometa 200. Masika yalikuwa yameanza. Mvua ilinyesha mchana na usiku, magari ya chakula yakakwama katika tope nyuma yao, na mbele kulikuwa na adui. Jemadari hakungoja. Farasi walilazimishwa kwenda bila mapumziko ya kutosha wala chakula cha kutosha, na mamia yao wakaanguka njiani. Siku ya 19 Aprili mji wa Kondoa ulitwaliwa. Lakini wapanda farasi walioingia walikuwa kama nusu tu ya wale waliotoka Arusha, nao walikuwa wamechoka hata hawakuweza kuendelea. Walikaa hapo, mvua ikiwafunga kama mlango, wakala kidogo walichopata, na wapagazi ndio waliowaletea vyakula vichwani mwao, wakipita katika maji na matope ambayo gari na farasi vilishindwa kuyapita. Wengi katika wapagazi wa vita hiyo walikufa, na majina yao hayakuandikwa juu ya mawe.

Basi mtoto wa Mpanda amepata jawabu lake. Nchi yake haikuwa na farasi kwa sababu ya mbung'o, na hata leo mbung'o wangaliko katika mapori ya Katavi. Mwaka 1950 reli ilifika Mpanda, na siku hizi watu husafiri kwa gari na pikipiki. Lakini mvua ya Januari haijabadilika, na udongo mweusi ungali ukinata. Gari likikwama, abiria hushuka, wakakunja nguo zao, wakasukuma pamoja. Tajiri na maskini huwa na tope la namna moja miguuni.

Wale waganga wa wanyama katika mashindano ya California, wanaposikiliza moyo wa farasi, humwuliza mpandaji swali moja bila kulitamka: Umemtunzaje mwenzako? Jemadari aliyekwenda Kondoa aliupata mji, akaharibu jeshi lake. Tembo wa Karema walikuwa na nguvu kupita wanyama wote, lakini nguvu zao zilitumiwa bila kiasi. Bali katika pori la Katavi, mwaka 1872, kijana alimnunulia mzee punda, mzee akamwuguza kijana, wapagazi wakambeba kijana alipougua, na mzee alipoweza kusimama alikataa kuwa mzigo. Nao walifika. Tena mwaka mmoja baadaye, wale walioona mambo hayo kwa macho yao walimbeba mzee yule miezi tisa, hali hawezi tena kuwalipa wala kuwashukuru.

Wahenga walisema, "Mvumilivu hula mbivu." Ni neno la kweli. Lakini katika mwendo wa mvua na matope, mvumilivu aendaye peke yake hazifikii zile mbivu. Huzifikia yule ajuaye kushuka katika tandiko lake wakati mwenzake amechoka.